Siku Tisini: Hotuba kwa Wanawake wa Ngamiani, Tanga, Kuhusu PCOS

Assalamu alaykum, na amani iwe kwenu nyote. Shikamooni mama zetu na makungwi mliokaa mbele. Hamjambo wanetu. Nanyi waume mliowasindikiza wake zenu, karibuni sana, yapo yenu humu.

Tuanze na swali dogo. Hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe ngapi? Na ya kabla yake? Ukijibu "mwezi uliopita, mwishoni mwishoni hivi", umejibu kama wanavyojibu wengi, na daktari hana la kushika. Ugonjwa tuliokuja kuuzungumza, PCOS, yaani tatizo la homoni ambalo mara nyingi hufanya mayai ya mwanamke yasipevuke kwa mpango, husomwa kwa tarehe na hutibiwa kwa tarehe. Mara nyingi tiba yake huharibika kwa sababu mtu hakuhesabu, au alihesabu akachoka kabla ya siku kutimia.

Hesabu yenyewe ni hivi: siku ya kwanza ni ile damu inapotoka kweli, si matone ya kahawia ya kuchafua nguo. Unahesabu kuanzia hapo mpaka siku moja kabla ya damu inayofuata. Kwa mwanamke mzima, siku 21 hadi 35 ni kawaida. Ikizidi 35 kila mara, au ukipata hedhi chini ya mara 8 kwa mwaka, kuna jambo la kuchunguza hata kama huumwi popote.

Wengi mmelisikia jina la PCOS baada ya kupiga utrasaundi, mkaambiwa mna "vivimbe kwenye kizazi". Maneno hayo yamewatia watu hofu na kuwatoa pesa. Vile vitobo vyeusi kwenye picha ni vifuko vya mayai, kila kimoja kina milimita 2 hadi 9, vilivyoanza kukua vikasimama njiani. Haviko ndani ya mfuko wa uzazi, viko kwenye ovari, zile tezi mbili zinazotunza mayai. Hakuna dawa ya kuviyeyusha kwa sababu hakuna cha kuyeyusha: ni mayai yako mwenyewe, yamekosa amri ya kupevuka.

Amri hiyo hukosekana kwa sababu inayoanzia mbali na kizazi. Kongosho hutoa insulini ili sukari iingie kwenye misuli. Kwa wanawake wengi wenye PCOS misuli haiitikii vizuri, basi kongosho huongeza insulini, tena na tena. Insulini iliyozidi huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume, hasa testosteroni. Wakati huohuo hulifanya ini lipunguze protini inayoishika testosteroni kwenye damu, kwa hiyo nyingi hubaki huru. Kila mwanamke ana testosteroni kidogo. Ikizidi ndipo huota ndevu za kidevuni, chunusi za taya, nywele za utosini zikapungua, na yai lisipevuke. Yai lisipopevuka, projesteroni, homoni inayouandaa ukuta huo ubomoke kwa wakati wake, haitoki, na ukuta wa mfuko wa uzazi unaendelea kujengwa bila kubomolewa. Ndiyo maana mtu hukaa miezi minne mikavu, kisha akatokwa damu siku kumi na tano mfululizo. Ngozi nyeusi yenye kama mahameli kwenye shingo na makwapa, ile watu wanayoisugua kwa dodoki wakidhani ni uchafu, ni insulini hiyohiyo inajionyesha. Msiisugue.

Madaktari Stein na Leventhal ndio waliouandika ugonjwa huu kule Chicago mwaka 1935, na kwa miaka mingi tiba ilikuwa kukata kipande cha ovari. Leo hatuanzii huko. Si ugonjwa wa nadra pia: takriban mwanamke 1 kati ya 10 wa umri wa kuzaa anao, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya walio nao hawajagunduliwa.

Ili mwanamke mzima aitwe mgonjwa wa PCOS, awe na mawili kati ya haya matatu: hedhi isiyo na mpango, dalili za homoni za kiume kuzidi, mwilini au kwenye damu, na ovari zenye vifuko vingi kwenye utrasaundi. Ukiwa na mawili ya mwanzo, picha si lazima. Tunalisema hili kwa sababu wapo wanaolipia utrasaundi kila mwezi kuangalia kama "vimeisha". Pesa hiyo ielekezwe kwenye kipimo cha mimba, homoni ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, na prolaktini, homoni ya maziwa, maana thairoidi iliyolegea au prolaktini iliyopanda nazo husimamisha hedhi na dawa zake ni nyingine kabisa. Kama unameza vidonge vya majira, kipimo cha testosteroni kitadanganya. Kinataka uwe umeviacha angalau miezi 3, huku ukijikinga kwa njia nyingine.

Na sukari ipimwe. Unakuja hujala tangu usiku, unapimwa, unakunywa gramu 75 za glukosi iliyoyeyushwa kwenye maji, unakaa saa 2 bila kula wala kuzunguka, unapimwa tena. Baada ya hizo saa 2, chini ya milimoli 7.8 kwa lita ni salama, 7.8 hadi 11.0 umefika mlangoni mwa kisukari, 11.1 kwenda juu ni kisukari. Kipimo hurudiwa kila baada ya mwaka 1 hadi 3, presha kila mwaka. Kiunoni, futi kamba ya fundi cherehani ikipita sentimita 80, yaani inchi 31 na nusu, jihesabu katika walio hatarini zaidi.

Sasa namba ya kukariri: 90. Ule ukuta wa mfuko wa uzazi unaojengwa bila kubomolewa, ukiachwa muda mrefu, chembe zake huanza kubadilika, na baada ya miaka unaweza kuzaa saratani. Siku 90 zikipita bila hedhi, pima mimba kwanza. Kama haipo, nenda kituoni. Dawa ya kawaida ni medroksiprojesteroni, kidonge kinachofanya kazi ya projesteroni, miligramu 10 kila siku kwa siku 10 hadi 14. Ukimaliza, damu hutoka ndani ya wiki moja au mbili, nayo huweza kuwa nzito. Hiyo ndiyo kazi ya dawa, usishtuke. Zikipita wiki mbili haijatoka, rudi. Dawa hii haikingi mimba. Na ukilowesha pedi nzima kila saa kwa saa mbili mfululizo, hapo usingoje asubuhi, nenda hospitali.

Kwa asiyetaka mtoto kwa sasa, dawa ya kwanza ni vidonge vya majira vyenye homoni mbili, ya aina ya estrojeni na ya aina ya projesteroni. Tunaijua minong'ono ya mtaani kwamba vinaua kizazi. Chanzo cha maneno hayo kinaeleweka: mtu ana PCOS, anavimeza, hedhi inakuja kila mwezi kama saa, anaviacha, ovari zinarudi kwenye hali yake ya zamani, hedhi inapotea, kidonge kinalaumiwa. Havikuharibu kitu. Vilikuwa vimeleta homoni iliyokosekana na kupunguza testosteroni, na siku ulipoviacha msaada ukaondoka. Vyenye mikrogramu 30 za ethinilestradioli, ndiyo ile estrojeni yake, au pungufu, vinatosha. Kikali zaidi hakiongezi faida. Pakiti nyingi zina vidonge 21 vya homoni na 7 vya kahawia vya madini ya chuma. Kosa la kila siku ni kumaliza vile 21, kupumzika wiki kwa kuona damu, kisha kuchelewa siku mbili tatu kuanza pakiti mpya. Hapo ndipo mimba huingia.

Asivimeze mwenye presha ya juu, aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, anayeumwa kipandauso chenye kuona vimulimuli, anayevuta sigara akiwa amefika miaka 35, wala mzazi anayenyonyesha ambaye hajafikisha wiki 6. Anayetumia rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu aseme, kwa sababu huzipunguza nguvu homoni hizo. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kuchoma ghafla, kukata pumzi: acha, kimbilia hospitali. Sindano ya miezi 3 inaukinga ukuta wa uzazi lakini haipunguzi ndevu, wengine hunenepa nayo, na anayepanga kuzaa karibuni haimfai kwa sababu uzazi hukawia kurudi.

Metformini, dawa ya kisukari inayotumika pia kwa PCOS, tuisemee kwa urefu, maana ndiyo dawa inayoachwa na watu wengi kwa makosa yanayoepukika. Kazi yake ni kuifanya insulini isikilizwe: ini linapunguza kumwaga sukari, misuli inaipokea, insulini inashuka, na ovari zinapata nafuu. Haitibu kwa wiki mbili. Hedhi kuanza kujipanga huchukua miezi 3 hadi 6.

Mtu anaandikiwa, anaanza na miligramu 1,000 asubuhi akiwa na chai ya rangi tu tumboni. Saa mbili baadaye anaharisha na kichefuchefu kimemshika. Siku ya tatu anaitupa na kusema dawa hii mwili wangu haiutaki. Mwili hauikatai, umeshtukizwa. Anza na miligramu 500, kidonge kimoja, katikati ya chakula cha usiku. Si kabla, si baada: umekula nusu ya sahani, meza, malizia. Kaa hapo wiki 1 hadi 2. Tumbo likitulia, ongeza 500 nyingine na kifungua kinywa. Endelea kupanda hivyo mpaka kiwango alichokupangia daktari, mara nyingi 1,500 hadi 2,000 kwa siku. Mtu mzima asizidi 2,500. Tumbo likichafuka ukipanda, shuka ngazi moja, kaa wiki mbili, jaribu tena. Ikishindikana, omba ile inayoyeyuka polepole. Hiyo haivunjwi wala haitafunwi, na ukiona ganda lake chooni usidhani haikufanya kazi. Dawa imeshatoka, limebaki ganda.

Mambo mawili ya metformini ambayo husahaulika kwenye dirisha la dawa. Anayetumia dolutegravir, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI, amwambie daktari, kwa sababu hupandisha kiwango cha metformini mwilini na dozi isizidi 1,000 kwa siku. Na anayeitumia miaka mingi apimwe vitamini B12, hasa akianza kuhisi ganzi miguuni au upungufu wa damu. Figo zipimwe kabla ya kuanza. Ukitapika na kuharisha sana kwa ugonjwa mwingine, isimamishe mpaka unywe na kula vizuri.

Mwezi wa Ramadhani mwenye PCOS anayemeza metformini pekee huweza kufunga. Dozi ya asubuhi ihamie daku. Ya mchana na ya jioni zimezwe pamoja wakati wa futari. Shida ya Ramadhani iko mezani zaidi kuliko kwenye kidonge: kaimati, tambi za sukari, uji mtamu na mihogo ya nazi kwa mkupuo mmoja baada ya tumbo tupu, insulini inapanda kama wimbi.

Basi tufike kwenye sahani. Hakuna mlo mmoja uliothibitika kuishinda milo mingine yote katika PCOS, na atakayewauzia "dayati ya kutibu PCOS kwa siku 21" msimpe shilingi. Kinachotakiwa ni insulini isipandishwe kwa kishindo, na kwa mwenye uzito mkubwa, apungue asilimia 5 hadi 10. Mwenye kilo 80 ni kilo 4 hadi 8 tu. Upungufu huo mdogo huweza kurudisha hedhi kabla mtu hajaonekana amepungua machoni pa majirani. Wembamba nao huugua PCOS. Wao wasijinyime chakula, wapange tu mchanganyiko.

Chukua sahani ya kawaida, upana wa sentimita 23 hivi. Nusu yake ijae mboga: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, kabichi. Robo iwe samaki, dagaa, mayai, kunde, choroko au maharage. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali, ndizi au muhogo, na ugali huo uwe ukubwa wa ngumi yako, si ngumi ya baba watoto. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe. Anza kula mboga na samaki, wali uufuate mwisho. Chakula kilekile kikiliwa kwa mpangilio huo hupandisha sukari kidogo zaidi. Sisi watu wa pwani hatutaacha nazi, wala hatuwaambii muiache. Lakini tui la kwanza zito likiingia kwenye wali, kwenye mbaazi na kwenye kisamvu siku moja, mafuta yamekuwa mengi kupita anachochoma mtu aliyeketi. Chagueni sufuria moja ya nazi kwa siku, nyingine zipate tui jepesi au zisipate kabisa.

Kifungua kinywa ndicho kinachotuponza. Vitumbua vinne na chai yenye vijiko vitatu vya sukari ni wanga juu ya sukari, na saa nne asubuhi njaa imerudi. Mbaazi zilizolala na nusu ya chapati, au mayai mawili na kipande cha muhogo wa kuchemsha, hukufikisha mchana. Kijiko cha chai cha sukari ni takriban gramu 4. Soda moja ya mililita 350 ina karibu vijiko 9. Machungwa ya Muheza yaleni kwa meno: glasi moja ya juisi hukamua matatu au manne, nyuzinyuzi zikabaki kwenye ndoo ya taka. Uwatu, mdalasini na habasoda ni viungo vyema jikoni. Uwatu huweza kushusha sukari kidogo, kwa hiyo anayeunywa kwa wingi amwambie mtoa dawa. Hakuna kati yao kinachochukua nafasi ya kidonge.

Mazoezi yana sababu yake ya ndani: msuli unaofanya kazi hupokea sukari bila kungoja insulini nyingi, na faida hiyo hukaa siku moja mpaka mbili kisha hutoweka. Kwa hiyo usiache siku mbili zipite umekaa. Kiwango ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokuwezesha kuongea lakini si kuimba. Anayetaka kupunguza uzito afikishe 250. Tanga yetu ni tambarare na ni mji wa baiskeli, na mwanamke kupanda baiskeli hapa hakumshangazi mtu. Dakika 30 kwa siku 5, ukienda na kurudi njia ya Raskazone kabla jua halijawa kali, zimetimia. Kufagia na kupika ni kazi, tunaiheshimu, ila isipokufanya uheme haihesabiwi humu. Kisha siku mbili kwa wiki zisizofuatana, mazoezi ya nguvu: kaa na kuinuka kitini bila kushika mara 10 hadi 12, sukuma ukuta mara 10, inua dumu la lita 5 lililojaa maji, ambalo ni kilo 5, kwa kila mkono. Rudia mizunguko mitatu. Magoti yakiuma, ongeza urefu wa kiti, usiache zoezi.

Nywele za usoni zina subira yake. Unywele ulioota umeshaota. Dawa huzuia unaofuata. Vidonge vya majira vipewe miezi 6 kabla ya kusema havifai. Baada ya hapo daktari huweza kuongeza spironolaktoni, dawa ya kuzuia homoni za kiume, miligramu 50 hadi 100 kwa siku, kwa sharti la uzazi wa mpango wa uhakika, kwa kuwa huweza kuvuruga maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Kunyoa hakuufanyi unywele uwe mnene wala wa haraka. Lakini sauti ikiwa nzito na ndevu zikaota kwa kasi ndani ya miezi michache, hiyo si PCOS ya kawaida. Huenda kuna uvimbe unaotoa homoni, na uchunguzi usicheleweshwe.

Anayetaka mtoto, na hapa waume msogee. Kabla mke hajameza dawa ya kupevusha yai, mbegu za mume zipimwe. Akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga, na sampuli ifike maabara ndani ya saa 1. Ni kipimo rahisi kuliko vyote, na kinarukwa kwa aibu huku mke akimeza vidonge mwaka mzima. Mke aanze asidi ya foliki miligramu 0.4 kila siku. Dawa ya kwanza leo ni letrozoli: miligramu 2.5 kila siku kwa siku 5, kuanzia siku ya 3 ya mzunguko, na daktari huweza kupandisha hadi 5, kisha 7.5. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014, wenye wanawake 750, uliipambanisha na klomifeni, dawa ya zamani ya kupevusha yai: waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 27.5 kwa letrozoli na 19.1 kwa klomifeni. Msizinunue wenyewe duka la dawa. Zinataka kipimo cha mimba kwanza, na mtu wa kufuatilia kama yai limepevuka na kama hayakupevuka mengi kwa mkupuo. Mume na mke kukutana kila baada ya siku mbili tatu, kuanzia siku ya 10 hadi ya 20, kunatosha.

Na asiyetaka mtoto ajue kinyume chake. Metformini ikianza kufanya kazi, au uzito ukipungua, yai hupevuka wiki mbili kabla ya hedhi kuonekana. Wapo wanaoshika mimba wakingoja hedhi irudi ndipo wajikinge. Mimba ikiingia, nenda kliniki kabla ya wiki 12, sema una PCOS, na sukari ipimwe tena wiki ya 24 hadi 28, kwa sababu kisukari cha mimba na kifafa cha mimba huwafuata wenye hali hii zaidi.

Linalotuumiza kuliko yote ni dawa za kuweka ukeni "kusafisha kizazi". PCOS haina uchafu wa kusafishwa. Mwanamke aliyekuwa na mirija mizima na tatizo la yai tu, ambalo lina dawa, anaingiza unga au majani, anapata maambukizi, mirija inaziba. Sasa ana matatizo mawili, na la pili ni gumu kuliko la kwanza.

Mama makungwi, la mwisho ni lenu, kwa kuwa ninyi ndio mnaoambiwa kwanza. Mwari akivunja ungo, mwaka wa kwanza hedhi kuyumba ni kawaida, msimtafutie ugonjwa. Kuanzia mwaka 1 hadi 3, mzunguko wa chini ya siku 21 au zaidi ya 45 si wa kawaida. Baada ya miaka 3, kipimo ni kile cha mtu mzima, 21 hadi 35. Baada ya ule mwaka wa kwanza, mzunguko hata mmoja ukivuka siku 90, apelekwe. Na asipovunja ungo mpaka miaka 15, au ikapita miaka 3 tangu matiti yaanze kuota, apelekwe pia. Kwa mabinti, mpaka itimie miaka 8 baada ya ungo, utrasaundi isitumike kuwapa jina la PCOS, maana ovari za msichana mzima wa afya huonekana na vifuko vingi vilevile. Siku mnayomfundisha kufua na kuanika vitambaa vyake, mpeni na kalenda na kalamu, mwonyesheni pa kuweka alama ya kwanza.